Mkebe wa Mpelelezi

Kila siku baada ya masomo, Mpelelezi alipitia stoo ya zahanati alikofanya kazi shangazi yake, fundi wa vipimo. Wenzake darasani walimpa jina hilo kwa sababu alimshuku kila mtu, hata kivuli chake. Huko aliachiwa kazi moja: kusoma namba kwenye kioo cha kipimo cha unyevu na kuiandika daftarini.

Ndani ya kasha la dawa lililozibwa kabisa, Shangazi alikuwa ametia fuwele ndogo inayotetemeka. Unyevu ukiingia, fuwele huwa nzito, hutetemeka polepole, na namba hushuka. Koili moja, yaani waya uliozungushwa duara, ilikuwa ndani ya kasha, nyingine juu ya kifuniko, nazo zilipashana habari bila kugusana.

Wiki hiyo namba ilishuka kila jioni, lakini asubuhi Shangazi aliikuta sawa.

"Ni mfagiaji," alisema Mpelelezi. "Namba hushuka akishapita yeye. Analifungua kasha, nakwambia!"

Mganga mkuu alikunja uso. "Namba ikishuka tena leo, kesho hana kazi hapa."

Jioni hiyo Mpelelezi alijibanza nyuma ya mlango. Mzee mfagiaji alifagia huku akiugombeza ufagio wake kwa uzembe, kisha akatoka. Kasha hakuligusa. Mjanja huyu, aliwaza Mpelelezi, akasogea. Namba ilikuwa sawa. Akatoa mkobani mkebe wake mpya wa bati wa kalamu, akauweka kando ya koili ya juu, kama alivyofanya tangu Jumatatu, ili atoe kalamu.

Namba ikashuka. Akauondoa mkebe, ikapanda.

Hakuna aliyemwona, na angeweza kunyamaza. Lakini kesho mzee yule angefukuzwa kwa ajili ya mkebe. Aibu ilimjaa, akaenda ofisini kwa mganga mkuu, alikokuwa Shangazi.

"Shangazi, ni mimi. Bati la mkebe wangu ndilo linaloisumbua koili."

Mfagiaji aliitwa.

"Shikamoo, babu. Nimekusingizia. Nisamehe."

"Marahaba, mjukuu wangu," mzee alicheka. "Kikulacho ki nguoni mwako. Chako kilikuwa mkobani!"

Mganga mkuu naye akamwomba mzee radhi.

"Kushuku si kosa," Shangazi alisema. "Kazi yetu inataka hivyo. Lakini fundi hukagua mikono yake kwanza, kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Na akigundua kosa ni lake, husema, hata kama hakuna aliyemwona."

Mpelelezi alifungua daftari. Kando ya kila namba ya wiki ile aliandika: "Kosa langu."