Terere Katikati ya Soya

Kila jioni baada ya masomo, wanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya mtaa wa Umoja walibeba mikebe ya maji hadi shamba dogo la soya nyuma ya madarasa. Kila mmoja alikuwa na mistari yake minne. Kathini aliionea fahari mistari yake. Muuguzi wa kliniki alikuwa amemshauri mama yake amchanganyie Nzuki, kitindamimba wao aliyekonda, unga wa soya kwenye uji. Unga wa dukani ulikuwa ghali, lakini kila mwanafunzi angepeleka nyumbani soya ya mistari yake.

Wiki ya tatu, Mwalimu Wathome aliwaambia wapalilie. Magugu bado yalikuwa mafupi kama kidole. Kathini aling'oa nyasi, akaacha terere zote, ule mchicha unaojiotea wenyewe.

"Unalima soya au umefungua kibanda cha mboga?" Shamis, mwenye mistari ya jirani, alimtania.

"Cheka tu! Mimi nitavuna mara mbili. Mboga leo, soya kesho."

"Mwalimu akiuliza?"

"Nitamwambia imeota jana."

Kweli, mboga ilipikwa, ikaliwa na ugali, sufuria ikakwanguliwa. Lakini terere haikukoma. Kila ilipochumwa ilichipua upya. Kufikia wiki ya saba ilimfika Kathini kifuani. Majani ya soya ya Shamis yalikuwa yamekutana kati ya mistari, yakaziba jua magugu yasiote. Ya Kathini yalikuwa ya manjano, na maua madogo ya zambarau yalichungulia kwa woga.

Kathini akashikwa na hofu. Aliazima jembe, akaanza kulima kwa nguvu. Maua yakapukutika.

"Kathini! Weka jembe chini!" Mwalimu Wathome alikuja mbio. "Hii terere imeota lini?"

Kathini alitazama shina nene kama mpini wa ufagio. Shamis akakohoa.

"Niliiacha makusudi, mwalimu. Nilitaka mboga."

"Afadhali umesema. Nilikuwa nangoja kuambiwa imeota jana." Mwalimu akatoa kisu. "Soya ikiwa na maua hatulimi. Jembe linakata mizizi na kuangusha maua. Kata terere hapa chini, polepole."

Walikata pamoja hadi jioni, mstari baada ya mstari.

Siku ya mavuno, Shamis alijaza kopo. La Kathini lilifika nusu. Alilikumbatia, machozi yakimlenga.

"Itamtosha Nzuki, mwalimu?"

"Kwa wiki kadhaa. Nitakupa mbegu, upande tena mvua ikinyesha."

"Safari hii nitapalilia mapema."

"Wiki ya tatu, halafu ya tano, kabla ya maua," alisema Mwalimu Wathome. "Terere iliinyang'anya soya changa chakula na jua, na hatukuweza kuirudishia baadaye. Hata Nzuki anahitaji uji wake sasa, Kathini, si atakapofika darasa la sita."

Kathini alifunika kopo vizuri, akaenda nyumbani mbio.