Macho ya Phanice

Mvua ya Kitale haipigi hodi. Ilimkuta Nakhungu katikati ya soko, akakimbilia baraza ya kwanza aliyoiona, viatu mkononi, gauni la manjano limemganda magotini, bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani.

"Sasa, madam? Ingia ndani, hiyo baraza inavuja," alisema kijana aliyesimama mlangoni. Huyo alikuwa Kibe, mwenye studio ya picha, na shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi kupita kiasi kwa siku ya kazi.

"Nikiingia si utanipiga picha kwa lazima?"

"Nitakupiga. Lakini kwanza chai."

Kabla chai haijamiminwa simu ya Kibe ilikuwa imeshamnasa, anacheka, nywele zinatiririka maji.

"Futa hiyo!"

"Nimefuta," alisema Kibe. Hakufuta.

Ndani ya bahasha mlikuwa na picha moja kuukuu. Mwanamke amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, kitambaa kichwani. Pale penye uso, unyevu ulikuwa umekula kila kitu, kutoka paji hadi kidevu.

"Huyu ni mama yangu, Phanice," alisema Nakhungu. "Alikufa nikiwa na miezi mitatu. Nimeitoa kwa sanduku ya marehemu nyanya yangu, hapa Kibomet. Hakuna ingine. Sijawahi ona sura yake hata siku moja. Desemba tunajengea kaburi yake huko Tongaren, nataka tuweke picha kubwa. Unaweza?"

Mkweli angesema kwamba uso uliokwisha hausafishwi. Lakini Kibe alikuwa ameshamtazama msichana huyo mara mbili zaidi ya inavyofaa.

"Naweza," akasema.

Kompyuta yake ilijua kufuta mikunjo na madoa. Haikujua kumkumbuka mtu ambaye haikumwona. Basi Kibe akaichukua ile picha ya siku ya mvua, akahamishia macho, pua na mdomo kwenye picha ya Phanice, akaviongezea miaka, akavitia kijivu. Si binti hufanana na mamake? Ndivyo alivyojiambia. Kisha akaifanya picha iwe na uhai: ipumue, ipepese macho, itabasamu.

Nakhungu aliporudi akaiona, alivuta kiti karibu na kompyuta. "Mama," alisema, akalia mpaka Kibe naye akalia, kisha akaondoka nayo kwenye simu yake.

Mapenzi yakaanzia hapo. Kila Jumapili Kibe alishuka Bungoma, alikoishi Nakhungu, na siku nyingine simu ndiyo ilifanya kazi.

"Umeamkaje, mpenzi?"

"Poa. Niko na mama hapa. Nimemwambia kukuhusu."

"Amesemaje?"

"Amepepesa macho. Nafikiri amekubali," Nakhungu alicheka. Halafu sauti yake ikashuka. "Lakini kuna kitu inanishtuanga, Kibe. Nikimwangalia sana, naona ni kama ananijua kuliko vile mama anaweza kujua mtu."

Kibe alitaka kusema. Akasema ana mteja.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia Tongaren. Siku ya ibada kwaya ilikuwa imevaa zambarau, na bango la Phanice limesimama kichwani mwa kaburi jipya. Mama Roselyne, mdogo wake marehemu, ambaye alikuwa hajaiona picha hiyo, alisogea na miwani yake. Akarudi nyuma, mkono mdomoni.

"Nakhungu, nani amekuweka kwa bango ya wafu na uko hai?"

"Ati nini, mama? Si huyu ni dada yako?"

"Dada yangu alikuwa na uso mrefu! Na alama ya moto hapa kwa shavu! Hiyo ni macho yako, bana!"

Nakhungu akajitazama, mkubwa kuliko alivyo, na chini ya kidevu chake tarehe ya kufa. Akaitafuta simu, akampigia Kibe.

"Kibe. Huyu ni nani?"

"Ni wewe," alisema Kibe.

"Miezi tano! Kila asubuhi namwambia mama siri zangu, kumbe najiongelesha?"

"Nilitaka tu ufurahi."

"Nilikuwa nimekosa uso. Sasa umeninyima hata mama." Akakata simu.

Kuanzia siku hiyo uso ule ulimfuata Kibe. Akiwasha kompyuta, anapepesewa macho. Aliifuta picha hiyo, na bado aliiona kwenye kioo kilichozimwa. Hapo ndipo alipokumbuka mgongo wa picha ya zamani, ambao hakuwahi kuusoma vizuri: muhuri uliofifia wa studio moja ya Bungoma.

Studio ilishafungwa. Mwenyewe, Mzee Wanyonyi, sasa alifuga kuku, na filamu zake za picha za zamani zilikuwa ghalani ndani ya makatoni. Jumamosi tatu Kibe aliinua kipande baada ya kipande dirishani, akitafuta kile kiti na kile kitambaa.

Jumamosi ya nne alisimama mlangoni kwa Nakhungu, shati halina pasi, mkononi picha aliyoitoa kwenye filamu ya mzee.

"Sikuiti ndani," alisema Nakhungu.

"Ni sawa. Angalia tu."

Uso ulikuwa mrefu. Shavuni palikuwa na alama ya moto. Nakhungu aliigusa kwa kidole, polepole.

"Mbona amefunga macho?"

"Alipepesa wakati mzee anapiga. Ndiyo maana hii haikuchapishwa, akapewa ile ingine."

"Na kompyuta yako inaweza kumfungua."

"Dakika mbili tu."

"Na hukumfungua."

"Sijui macho yake, Nakhungu. Na sitaki kubuni tena."

Nakhungu alilia, akiwa ameegemea mlango. Aliponyamaza akauliza, "Ile ya siku ya mvua, ulifuta?"

Kibe aliinamisha kichwa. "Hiyo sijawahi futa. Nilikudanganya hata hapo."

"Basi iache. Hiyo ni mimi, nikiwa hai." Akapangusa uso. "Jumapili tutampelekea Mama Roselyne hii. Halafu utaniposa kwa mama, mbele ya kaburi yake."

"Na akikataa?"

Nakhungu aliitazama picha. Mamake hakupepesa macho.

"Yeye hatasema kitu," alisema. "Jibu nitakupa mimi."