Karatasi Isiyo na Mwenyewe

Jumamosi ile Alfonce alitumbukiza karatasi moja tu kwenye sanduku la maoni. Alipolifungua mkutanoni, akatoa mbili.

Alikuwa karani wa kijiji kimoja cha ziwani, jirani na Nyegina, enzi zile sabuni ilipoadimika, watu wakifulia majani ya mpapai. Kila mkutano yeye ndiye aliyesoma maoni. Hakuna aliyejua kwamba ya uchokozi aliyaandika mwenyewe, bila jina, apate tu kuona watu wanavyorukiana. Ugomvi ukiwaka, wa kwanza kusema "Jamani, tuheshimiane!" ni yeye. Mtu mzima na ndevu zake!

Aliyeandamwa zaidi ni Getruda, muuzaji wa duka la kijiji. *Mbona yeye ananukia sabuni? Mbona sukari yake haiishi?* Watu wakaacha kumsalimia.

Ile karatasi ya pili ilikuwa imelowa, inanuka magugu ya ziwani. Mwandiko ulikuwa wake Alfonce: *Andika kuhusu mtoto wake.*

Aliificha mfukoni. Na wiki iliyofuata, aibu yake, akaandika: *Mtoto wa Getruda kafanana na nani?*

Thadeo, mume wa Getruda, akaapa kumrudisha kwao Bunda. Tangu hapo sanduku tupu likawa linagonga kwa ndani, ko, ko, na ile harufu ikamganda Alfonce vidoleni hata ugali ukamshinda. Akaenda Mwitongo kwa mganga Nyangi.

"Nilikuwaga natania tu, mama," alinong'ona.

"Mtani anakutukana machoni, na ukifiwa anakuja kuzika. Wewe ulijificha. Neno ulilolikimbia limepata mwingine wa kukaa nalo. Kayataje yote mbele yao. Usibakize hata moja."

Mkutanoni alisimama. "Ya sabuni ni yangu. Ya sukari ni yangu." Watu wakaguna, na sanduku likagonga, likagonga, harufu ikapanda mpaka kina mama wakaziba pua kwa kanga, na Getruda, mtoto mgongoni, akamkazia macho akingoja neno moja tu limwokoe.

"Na ya mtoto?" aliuliza Thadeo, sauti chini.

Alfonce alimwona mkewe, Petronila, amekaa mbele, akaona haya.

"Hiyo siijui."

Sanduku likanyamaza. Alishukuru, Mungu amsamehe. Jumatatu Getruda aliondoka na lori la Bunda, hakuagwa na mtu.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na karatasi moja, mbichi, kwa mwandiko wa Alfonce: *Asante kwa kuniachia ya mtoto. Inayofuata ni ya Petronila.*

Alitaka kuikunja. Mdomo wake ulikwishaanza kuisoma.