Kitasa cha Tatu

Siku ya Jumamosi mtaa wa vifaa vya ujenzi hauna adabu hata kidogo. Mabomba yanapita juu ya vichwa vya watu, mabati yanaburutwa chini, na kila mwenye duka anapiga kelele kumshinda jirani yake. Katikati ya fujo hiyo akaja mwanamume amekumbatia mlango. Ulikuwa mlango mdogo wa bati jeupe, na kila alipogeuka kumwomba radhi aliyemgonga, alimgonga mwingine.

"Samahani, mama. Samahani, kaka. Jamani, samahanini!"

Fundi vitasa alikuwa nyuma ya meza yake, ovaroli ya buluu mwilini, kitambaa chekundu kichwani, tupa mkononi. Akacheka. Mwenyewe alishtuka kujisikia, maana tangu mumewe afungashe virago, miaka sita iliyopita, dukani mle ilikuwa inasikika sauti ya chuma tu.

"Uweke hapa kabla hujaua mtu," alisema. "Wa kabati?"

"Wa gari. Naishi ndani ya gari, Fundi. Usinicheke. Lina kitanda, lina jiko, lina sinki. Ila limezeeka. Ubavuni kuna milango sita ya kuhifadhi mizigo, na vitasa vimeanza kufa. Juzi nimekata kona, sanduku zima la miwani likabaki barabarani."

"Unauza miwani?"

"Napima macho. Mji hadi mji."

Fundi alifungua kitasa, akakipeleka kwenye taa. Ulimi, kile chuma kinachotokeza kuushika mlango, ulikuwa umekatika. Vitasa vya aina ile havitengenezwi tena, kwa hiyo ilibidi achonge ulimi mpya kwa mkono, na kazi hiyo haitaki haraka. Mwanamume akavuta stuli. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka kola inakata, lakini kifuani lilikuwa na mstari mrefu wa kutu kwa sababu ya ule mlango. Akakaa saa mbili nzima anatazama mikono ya Fundi, anauliza hiki nini, kile nini.

Jumamosi iliyofuata akaja na mlango wa pili.

"Wewe Bwana Miwani! Si ungeileta yote kwa pamoja?"

"Nina mikono miwili tu, Fundi."

"Na gari je? Si lina magurudumu?"

"Likiingia mtaa huu halitoki. Au umenichoka?"

"Nani kasema nimekuchoka? Kaa hapo, usinizibe mwanga."

Akichonga, alijikuta anamsimulia jinsi mumewe alivyoondoka na miaka sita aliyokaa peke yake. Basi wiki ile Fundi akaanza kuhesabu siku. Hakumwambia mtu. Ijumaa alifua kile kitambaa chekundu, Jumamosi asubuhi akajipaka mafuta mazuri mikononi, ingawa alijua kabisa grisi itayafunika kabla ya saa nne. Mdogo wake alipompigia simu kama kawaida yake alimwambia, "Dada, leo sauti yako ina nini?" Fundi akajibu mafua.

Mlango wa tatu ulifika. Fundi akafungua kitasa huku anacheka na kusimulia habari za jirani, kisha akakileta kwenye taa, akakigeuza mara mbili.

Chuma kilichochoka hakikatiki siku moja. Hupata ufa, ufa ukaingia kutu, na kikija kukatika unaona pameshakuwa peusi. Hapa palikuwa panang'aa. Na ubavuni kulikuwa na alama ya bisibisi.

"Hiki kimevunjikaje?" aliuliza.

"Si kimechoka tu, kama wenzake."

"Bwana Miwani. Mimi sijui kupima macho, lakini chuma nakiona."

Mwanamume alitazama viatu vyake.

"Nilikivunja," alisema mwishowe. "Vibovu vilikuwa viwili tu. Vilipokwisha, sikuwa na sababu ya kuja."

Mwanamke mwingine angeyeyuka palepale. Huyu alisikia uongo, basi. Mumewe naye alianza hivihivi, na uongo mdogomdogo wa kuchekesha, mpaka ukafika ule usiochekesha.

"Kitasa kizima! Kisichopatikana popote! Na ungeweza kuja hivihivi."

"Ningesema nimefuata nini?"

"Sijui! Ila usingenifanya mtoto. Chukua mlango wako."

"Fundi, mpenzi..."

"Mpenzi wa nani? Chukua."

Akauchukua. Safari hii hakumgonga mtu, watu wenyewe walimpisha.

Jumamosi iliyofuata stuli ilikaa tupu. Mteja mmoja alitaka kuikalia, Fundi akamwambia ina mguu mbovu. Alikula chakula chake amesimama, amegeukia ukuta. Upweke aliuzoea, alikuwa hata haujali, lakini sasa ulimrudia mpya kabisa na alijua sura yake. Mdogo wake alipopiga simu, akajikuta anaeleza yote.

"Kwa hiyo mtu kavunja gari lake kwa ajili yako, ukamfukuza?"

"Kanidanganya."

"Kakudanganya dakika moja, ukamuuliza akakiri. Huyo shemeji wa zamani ulimuuliza mara ngapi? Alikiri lini? Hebu niambie, dada."

Fundi akaitazama stuli.

Jumapili alichukua mkoba wa zana, akaenda kwenye uwanja wa nyuma ya zahanati, alikowahi kumwambia kuwa analiegesha gari lake. Lilikuwa refu, lenye mstari wa kahawia uliofifia, na mlango wa tatu umefungwa kwa kamba. Bwana Miwani alikuwa anakunja meza.

"Unaondoka?"

"Kesho. Kuna watu wananisubiri mji wa pili." Akauangalia mkoba. "Umekuja kunifokea?"

"Nimekuja kumaliza kazi. Shika huo mlango."

Akashika. Fundi akachonga ulimi pale pale, jiliwa la kubania chuma amelifunga kwenye ngazi ya gari. Akausawazisha mlango, akakaza skrubu, akaufunga na kuufungua mara kumi. Walikuwa karibu kiasi cha kusikiana pumzi, na neno lilikuwa mdomoni mwake, neno moja tu: baki. Mumewe alipoondoka, yeye Fundi hakumwambia baki. Alijiona ana heshima. Bwana Miwani naye alisubiri, macho kwake.

"Utie grisi kila mwezi," alisema Fundi, akaondoka kabla sura haijamsaliti.

Jumatatu saa tano duka lilijaa. Mmoja anataka bawaba, mwingine kasahau funguo, watatu wamebeba bomba moja. Fundi akaweka tupa chini. Akachukua simu mbele yao wote, akapiga namba ya Bwana Miwani iliyokuwa kwenye daftari la wateja.

"Fundi? Kuna nini? Niko barabarani."

"Hakuna kitu. Nilitaka kukuambia ubaki. Jana. Nikakuambia habari za grisi."

Mngurumo wa injini ukapungua, ukazima.

"Nimeegesha. Sema tena."

"Umesikia."

"Nimesikia. Sema tena, mpenzi. Nimekaa peke yangu muda mrefu sana."

Fundi akainua macho. Duka zima lilikuwa limemkodolea macho, hata wale wenye bomba walikuwa wameliteremsha.

"Nataka ubaki!" alisema kwa sauti. "Nakupenda, nataka ukae na mimi! Haya, umefurahi?"

Mwenye kusahau funguo akapiga makofi. Upande wa pili wa simu ilisikika pumzi ya mtu anayejaribu kutolia, wala hafaulu.

"Nimeahidi watu wiki tatu," alisema. "Wengine hawaoni hata kusoma dawa zao. Siwezi kuwaacha. Nikimaliza tu narudi, na nikirudi siondoki. Utanisubiri?"

"Wiki tatu ni nyingi."

"Si umekaa miaka sita, mama?"

"Miaka sita sikuwa namsubiri mtu," alisema Fundi.