Haki ya Machimbo Haisubiri Matanga

Arlène anasuka nywele mtaa wa Hillbrow, katika chumba kidogo karibu na kituo cha teksi. Jumamosi wateja hawakatiki. Jumamosi moja ya Oktoba 2018 alikuwa katikati ya kichwa cha mteja simu ilipoita. Alikuwa mdogo wake Clémentine, kutoka kwao Likasi, Kongo, ambako kaka au dada mkubwa huitwa Yaya.

"Yaya, barua imefika. Ya ile kampuni ya mawe."

"Inasema nini?"

"Kibali cha Papa kinaisha mwezi wa tatu. Kama warithi hawajajitokeza, machimbo yatarudi kwa serikali."

Arlène alimwomba mteja radhi, akatoka nje kupumua.

Baba yao, marehemu Joël, alikuwa na kibali cha kuchimba mawe ya chokaa. Mashine hakuwa nazo, kwa hiyo alikodisha machimbo yake kwa kampuni. Kila miezi mitatu kampuni ilimlipa mrabaha, yaani sehemu yake kwa mawe yaliyochimbwa. Mrabaha huo ndio uliomlisha yeye na mkewe, Mama Célestine. Joël alifariki Machi 2015, na kampuni ikasimamisha malipo mpaka ijue warithi ni akina nani. Mama Célestine akaanza kuuza makaa barabarani, na magoti yake yale mabovu.

Na karatasi zilikuwa wapi? Zilikuwa ndani ya sanduku la marehemu, chini ya kitanda cha mjane wake mwenyewe. Kwa desturi ya ukoo wao, sanduku la marehemu halifunguliwi mpaka matanga yaondolewe, na mtoto wa kwanza awepo. Mtoto wa kwanza alikuwa Gaston, mlinzi wa ofisi huko Randburg, jiji lile lile la Arlène. Gaston alikuwa anaishi kwa karatasi ya kuomba ukimbizi, hakuweza kusafiri. Kila mwaka alisema, "Tutafanya mwakani." Basi watu watatu wazima wenye akili timamu wakaliogopa sanduku kwa miaka mitatu na nusu. Wao waliita heshima. Mimi naita uzembe.

Jioni Gaston alipita kwa Arlène akiwa bado na sare ya kazi. Arlène akamweleza habari ya barua.

"Clémentine afungue ile valizi ya Papa leo," alisema.

"Hapana! Mimi ndiye mkubwa. Matanga hatujatosha bado, hatujayaondoa. Unataka watu waseme tulimvua baba nguo angali mbichi?"

"Eish, Yaya! Mama anauza makaa!"

Mlango wa pili alikaa Papa Firmin, fundi cherehani. Alisikia yote, maana kuta za Hillbrow hazifichi kitu. Akaja amevaa futi yake shingoni.

"Mnisamehe, wanangu. Kabla ya kushona nilikuwa karani wa mahakama Lubumbashi, miaka kumi na minne. Niliona familia nyingi zikipoteza mali kwa kungoja matanga. Desturi ni yenu, sheria haiijui."

"Lakini mimi niko huku," alisema Gaston. "Nitarithi namna gani bila kuwepo?"

"Si lazima uwepo. Clémentine achukue cheti cha kifo. Familia ikae, ichague msimamizi wa mirathi, kisha mahakama imthibitishe. Ninyi wawili mtasaini karatasi ya kumpa Clémentine mamlaka asimame kwa niaba yenu. Halafu aombe kibali kiongezwe kabla hakijaisha. Kikiisha, hakuna wa kumlilia."

"Tuende ubalozini kusaini?" aliuliza Arlène.

"Msiende kabla ya kumwuliza mwanasheria wa wakimbizi. Wako wanaosaidia bure. Mkiishi hapa kama wakimbizi, kugonga mlango wa serikali yenu kunaweza kuwaletea matatizo. Jambo lingine: kila barua mnayopeleka, baki na nakala yenye mhuri na tarehe. Ukikosa mhuri, watasema hawakukuona."

Gaston alitoa simu yake mfukoni. Akampigia Clémentine. "Vunja kufuli," alisema.

Ndani, chini ya suti ya harusi, Clémentine alikuta kibali na mkataba. Akawasomea mkataba kwa simu. Kifungu kimoja kilisema mrabaha usiodaiwa ndani ya miaka miwili unabaki kwa kampuni. Chini yake palikuwa na mstari wa kalamu nyekundu. Baba yao aliuchora kwa mkono wake ili wasiache kuuona.

Arlène alilia kwa hasira. Gaston hakuweza kumtazama.

Kazi ilianza Jumatatu. Mwanasheria aliwaelekeza kwa mthibitishaji wa nyaraka, wakasaini mbele yake. Clémentine alikwenda mahakamani mara sita. Mara mbili aliambiwa faili limepotea, akatoa nakala yenye mhuri, faili likaonekana. Mwezi wa pili, wiki tatu kabla ya mwisho, maombi ya kuongeza kibali yalipokelewa. Kibali kikaongezwa, kampuni ikawatambua warithi, na Agosti 2019 Mama Célestine alipokea mrabaha wake wa kwanza tangu afiwe, akaacha kuuza makaa. Lakini mrabaha wa karibu miaka miwili ya mwanzo ulikuwa umepotea kabisa.

Gaston alimpigia mama yake simu. "Mama, unisamehe. Nilitaka kumheshimu Papa."

"Baba yako alikuwa amekufa, Gaston," alijibu Mama Célestine. "Yeye hakuwa na njaa. Mwenye njaa nilikuwa mimi."

Akakata simu. Siku tatu hakupokea.

Siku hizi kukiwa na msiba kwa Wakongo wa Turffontein au Hillbrow, Gaston huenda. Hutoa pole, hukaa, halafu huuliza, "Karatasi za marehemu ziko wapi, na nani amezisoma?" Wengine humwambia hana adabu. Yeye huuliza tena.