Chumvi Katika Jicho la Kidoti

Kila Jumamosi asubuhi, kabla umande wa Kiplombe, pembezoni mwa Eldoret, haujakauka, Nabalayo alikuwa na kazi moja isiyo na mjadala: kumlisha ndama wake, Kidoti. Alikuwa amemlea kwa chupa ya maziwa tangu mamake ndama alipokufa. Sasa Kidoti alikula makapi ya mabua ya mahindi yaliyosagwa kwa mashine. Makapi hayo yalipaswa kunyunyiziwa maji na kuchanganywa mpaka yalegee ndipo yamwagwe horini. Selpha, mamake Nabalayo, alikuwa amemwonya mara nyingi kwamba makapi makavu hupeperuka na kumwingia mnyama machoni.

Nabalayo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na masikio mawili mazima, lakini asubuhi hiyo alikuwa ameyapeleka kwa jirani. Ng'ambo ya ua, rafiki yake Ciku alikuwa akiruka kamba na kuhesabu kwa sauti.

"Thelathini na tisa! Nabalayo, unaogopa kushindwa?"

"Mimi? Ngoja nikuje!"

Akainua gunia na kumimina makapi yote horini, makavu kau. Upepo haukungoja kubembelezwa. Vumbi lilitimka, Kidoti akatikisa kichwa na kurudi nyuma. Nabalayo aliona, lakini miguu yake ilikuwa tayari imefika kwenye ua.

Aliporudi saa nne, jicho la kulia la Kidoti lilikuwa likitiririka machozi. Baya zaidi, ngozi nyeupe ilikuwa imejitokeza kutoka pembe ya jicho, upande wa pua, ikalifunika nusu. Nabalayo alishikwa na hofu.

"Ciku, njoo uone! Kidoti anamea ngozi kwa jicho!"

Ciku alikuja mbio, akachungulia, kisha akatoa uamuzi kama daktari mkuu. "Hiyo naijua. Kondoo wa nyanya yangu kule Timboroa alipata hivyo hivyo. Walimtia chumvi ndiyo hiyo ngozi iishe."

"Na akapona?"

Ciku alikuna kichwa. "Sijui. Tulirudi Eldoret kabla sijaona."

Jibu hilo lingetosha kumzuia mtu mwenye utulivu, lakini Nabalayo hakuwa na utulivu hata wa kupima kwa kijiko. Alichukua chumvi jikoni akaitia kwenye jicho. Kidoti alilia kwa uchungu, akarusha mateke na kujigonga kwenye ukuta wa zizi. Ciku akasema miguu niponye, akatokomea kwao.

Kilio hicho kilimleta Selpha mbio. "Jicho la ndama limefanya nini?"

"Sijui, Mama. Nimempata tu hivyo."

Selpha aliinama, akatazama, akashusha pumzi. "Likipotea hili jicho, sioni vile tutaendelea kumfuga. Tutamuuza tu." Akatoa simu na kumpigia Daktari Janice, daktari wa mifugo.

Daktari Janice alifika kwa pikipiki kabla ya adhuhuri. Alilitazama jicho lililovimba, kisha akatoa kwenye mkeba wake wa vifaa kijibomba cha dawa. "Mama Nabalayo, nzi wamesumbua sana mwezi huu. Hii itashusha uvimbe. Ila niambieni kwanza: kuna kitu kilimwingia kwa jicho, au kuna mtu amemtia kitu?"

"Hakuna, Daktari," Selpha alijibu bila wasiwasi. "Mtoto amempata tu hivyo."

Nabalayo alitazama chini. Akisema, atagombezwa mbele ya mgeni. Asiposema, hakuna atakayejua, maana Kidoti hawezi kusema. Daktari alifungua kifuniko cha dawa.

"Ngoja, Daktari!" Nabalayo alipaza sauti. "Ni mimi. Nilimwaga makapi bila maji. Halafu nikamtia chumvi, nikidhani itamaliza hiyo ngozi nyeupe."

Selpha alimgeukia bintiye. Daktari Janice naye hakumkemea. Alifunga ile dawa na kuirudisha mkebani. Akaomba maji yaliyochemshwa na kupoa, akaliosha jicho taratibu huku Selpha akikishika kichwa cha ndama. Kisha akaivuta ile ngozi kwa uangalifu. Chini yake palikuwa na kipande cha kapi, chembamba na chenye ncha, akakitoa.

"Mnaona?" alisema. "Ngozi hii si ugonjwa. Ni ukope wa tatu. Wa juu na wa chini mnazijua. Huu hujificha kwenye pembe, na jicho likiumia unateleza kulikinga. Hata kuku wenu anao, tena wake unapitisha mwanga. Nyoka hana kope zinazofumba, lakini jicho lake limefunikwa na gamba angavu. Ukope huu ndio uliokuwa ukimlinda Kidoti, nawe ukaupiga vita kwa chumvi."

"Atapofuka?" Nabalayo aliuliza.

"Hapana. Kioo cha jicho kimekwaruzwa kidogo tu. Nitakuachia dawa nyingine, umpake siku tano." Daktari alimtazama usoni. "Lakini ile niliyokuwa nimeishika haitiwi kwenye jicho lenye kidonda. Ingeliharibu. Ungenyamaza kidogo tu, ningeitia."

Nabalayo aliketi kwenye nyasi na kulia machozi ya faraja. Alipotazama juu, Kidoti alikuwa amelifumbua jicho lake kidogo, jekundu bado, na ile ngozi ilikuwa imeanza kurudi pembeni.

Daktari alipoondoka, Nabalayo alijiandaa kwa maneno makali. Selpha alichuchumaa karibu naye.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Makapi ni uvivu, na chumvi ni kutojua. Hayo ni kazi ya mzazi kurekebisha. Lakini ulipodanganya, ulinifanya mimi nimdanganye daktari, na hapo ndipo Kidoti angepofuka. Ukikosea, mwanangu, niambie. Nitakugombeza, ndiyo. Halafu nitakusaidia. Sasa usiponiambia, nitakusaidia vipi?"