Kitufe cha Rudi

Kila asubuhi, kabla ya kutia uzi sindanoni, mshonaji alishika simu akamwandikia binti yake. Binti huyo, mtoto wake wa pekee, alikuwa fundi umeme katika kambi ya ujenzi wa bwawa, milimani, ambako simu haishiki. Barua zilipitia tovuti ya kambi, na mtu wa kambini aliweza tu kujibu barua iliyomfikia.

Miezi mitatu, bila jibu hata moja. Mama alitamani japo kusikia kikohozi cha mwanawe. Alishona huku macho yakiwa mlangoni.

"Labda amenichoka," alimwambia jirani yake, Baba Mapacha, aliyeitengeneza tovuti ile.

"Hebu andika nione. Mimi nafunga mdomo."

Mama aliandika polepole. Chini palikuwa na vitufe viwili: Wasilisha na Rudi. Akabonyeza Rudi bila kusita. Barua ikatoweka.

"Dada, mbona Rudi?"

"Si ndilo ninalomwambia? Arudi! Hilo Wasilisha, kwani mimi nina ofisi?"

Baba Mapacha aliangua kicheko, kisha kikamkauka.

"Rudi inakurudisha ukurasa wa nyuma. Barua zako zimefutika, dada yangu. Hakuna iliyofika."

Kumbe mwanawe naye alikuwa akingoja!

"Ulipoimaliza tovuti," Mama aliuliza, "ulimpa nani aijaribu?"

"Nilijaribu mwenyewe."

"Basi umenishonea gauni kwa kipimo chako."

Baba Mapacha alikuna kichwa. "Kosa ni langu, si lako. Kitufe kitaje kazi yake, kwa maneno ya anayekitumia. Na mtu akituma, aambiwe imekwenda."

Siku ile ile alivibadilisha vitufe. Kimoja, kikubwa: Tuma barua. Kingine: Ukurasa uliopita. Kisha akampa simu muuza mkate, halafu mlinzi wa shule, akawatazama vidole bila kuwasaidia. Mlinzi alikwama, kwa kuwa maandishi yalikuwa madogo. Baba Mapacha akayakuza.

Mama akaandika neno moja tu: Rudi. Akabonyeza Tuma barua. Maneno yakatokea: Barua yako imetumwa. Akayasoma mara mbili, kwa sauti.

Kesho yake jibu likaja.

"Mama, nilidhani umeninunia! Kila jioni naulizia barua, mpaka karani wa kambi akiniona anajificha. Likizo yangu ni mwezi ujao. Nitandikie karibu na cherehani, niisikie ikilia."

Mama alifuta macho. Akatia uzi sindanoni, akaanza kushona mashuka.